Nzi 120 waliotoka Kigoma, na 94 waliorudi

Kifurushi kilinirudia Kigoma kwa basi kikiwa na nzi 94, hawa bandia wa kuvulia samaki, kati ya 120 niliokuwa nimewatuma. Wale 26 waliokosekana walikuwa wamejaribiwa mtoni Mufindi na kuchakaa siku ile ile. Juu ya boksi kulibandikwa karatasi yenye mistari mitatu: "Wanazama. Vichwa vinafumuka. Tundu la ndoano limeziba, mshipi haupiti." Mwenye oda ni kijana anayewapeleka wageni kuvua trauti kwenye vijito vya Nyanda za Juu Kusini. Hakunitukana. Alirudisha mzigo tu, na kila neno aliloandika lilikuwa kweli.

Naandika haya kwa ajili ya yeyote mwenye vidole vyepesi na kuku uani, aliyesikia kwamba kuna watu wanaonunua nzi wa kufunga kwa mkono. Wapo, na kazi inafanyika nyumbani, mezani, kwa vifaa vichache. Lakini makosa yangu yalinila ndoano 120, nyingi za kuagiza, karibu shilingi 90,000 pamoja na usafiri, na usiku wa wiki tano. Hakuna sababu ya mwingine kuyalipia tena.

Kwa asiyejua, nzi huyu ni ndoano ndogo iliyovishwa uzi, manyoya ya ndege na sufi (nywele laini za mnyama) hadi ifanane na mdudu. Trauti ni samaki wa maji baridi yanayotembea. Waingereza walimpandikiza Kenya mwaka 1905, na baadaye akafika kwenye mito ya baridi ya huku kwetu. Ziwani hapa hawezi kuishi: maji ya juu ya Tanganyika yako kwenye nyuzi 25 hivi na kupanda, na yeye huanza kutaabika yanapozidi nyuzi 20. Chakula chake kikubwa ni wadudu, wale wanaokulia chini ya mawe mtoni, wakapanda juu, wakaota mabawa na kuruka. Mvuvi hutupa nzi bandia kwa mshipi mnene wenye uzito wake wenyewe, kwa sababu nzi mwenyewe ni mwepesi mno hawezi kutupika. Shika hilo la wepesi. Ndilo nililolidharau.

Mimi nilitoka kwenye mgebuka, samaki wa ziwa letu. Kibirizi, ufukweni hapa Kigoma, nilijifunza kufunga kinyoya cheupe kwenye ndoano nene, mafundo manne ya nguvu, basi. Mgebuka anakimbiza dagaa. Anaona kitu cheupe kinachomweka na kukimbia, anakirukia kabla hajakikagua. Nikadhani anayeweza kumfungia mgebuka anaweza kumfungia samaki yeyote. Trauti kwenye maji matulivu anamwangalia mdudu kutoka chini, mbingu ikiwa nyuma yake, na ana muda wa kumtazama. Ile nguvu ya mafundo manne ndiyo iliyoniharibia.

Nianze na kuzama, kwa kuwa hapo ndipo palipo na somo lenyewe, na lilianza kuku akiwa bado hajachinjwa.

Nzi wa kuelea hasimami majini kwa sababu ya mwili wake. Anasimama kwa ncha za nywele za nyoya lililozungushwa nyuma ya kichwa, kama mtu aliyenyoosha vidole vyote juu ya godoro. Nywele zikiwa ngumu na zinang'aa, maji yanazibeba. Zikiwa laini zinakunywa maji, zinalala, na nzi anakwenda chini. Nyoya gumu hutoka shingoni mwa jogoo aliyekomaa, aliyepita mwaka mmoja na zaidi. La tetea ni laini. La jogoo mchanga ni laini pia, hata likiwa zuri kiasi gani kwa macho.

Lipime hivi. Liinue kwenye mwanga wa dirisha. Katikati, kando ya uti, utaona ukanda uliofifia usiopitisha mwanga vizuri. Hapo nywele zimeshikana kwa vinyuzi vidogo, na hapo ndipo maji yanapoingia. Ukanda huo ukifika theluthi ya upana wa nyoya, liweke kando kwa ajili ya nzi wa kuzama. Kisha likunje, nywele zisimame wima, uzigusishe kwenye mdomo wa juu. Nyoya zuri linachoma kidogo. Baya linapapasa.

Halafu urefu. Kunja nyoya kuzunguka ndoano na uangalie nywele zinafika wapi. Kipimo ni upana wa mdomo wa ndoano, yaani nafasi kati ya shina na ncha: nywele ziwe mara moja na nusu ya upana huo, zisizidi mara mbili. Ndoano namba 14 ina mdomo wa kama milimita 5, kwa hiyo nywele za milimita 7 au 8. (Namba zinarudi nyuma: 14 ni ndogo kuliko 12, na 16 ni ndogo zaidi.) Nywele zikiwa ndefu mno nzi anaanguka kifudifudi, na trauti akimgonga, nywele zinamsukuma nje kabla ncha haijashika.

Sasa sikia hesabu ambayo nilipaswa kuifanya kabla ya kupokea fedha ya mtu. Nilinunua majogoo wawili soko la Mwanga. Mama muuza kuku aliponisikia nikimwomba anichunie ngozi ya shingo nzima akaniuliza, "Mwanangu, na nyama je?" Nikamwambia nyama ni ya nyumbani, shingo ni ya kazi. Jogoo wa kienyeji ana manyoya mengi shingoni, lakini yanayofaa namba 14 ni yale madogo ya juu, karibu na kisogo. Nilipokuja kuyahesabu kwa makini, shingo moja ilinipa kama 30 yenye urefu na ugumu unaotakiwa. Nzi mmoja wa kuelea anataka mawili. Hiyo ni nzi 15 kwa jogoo. Oda ya nzi 120 wa namba 14 ilihitaji majogoo wanane, nami nilikuwa na wawili. Manyoya mazuri yalipokwisha sikusimama. Nilishuka mabegani, nikaenda mgongoni, mwisho nikachukua ya tetea kwa sababu rangi ilifanana. Marekani kuna watu waliowachagua na kuwazalisha majogoo kwa miongo mingi ili watoe nyoya refu jembamba ambalo moja tu hufunga nzi kadhaa. Picha nilizokuwa nikiiga zilifungwa kwa manyoya hayo.

Kuhifadhi shingo nako kuna njia yake. Ichune kutoka kisogoni hadi mabegani, itandaze kwenye ubao manyoya yakiwa chini, uibane kingo kwa pini. Kwangua mafuta yote kwa kisu butu. Ukiacha mafuta yanachacha, yanapanda kwenye mizizi ya manyoya, na shingo inanuka ndani ya wiki mbili. Pakaza chumvi laini, iache siku mbili tatu, kung'uta, pakaza tena, hadi ngozi iwe ngumu kama karatasi ya boksi. Ndipo uioshe upande wa manyoya kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, uisuuze, uianike kivulini penye upepo. Jua kali linapausha rangi na kuyafanya manyoya yakatike. Kisha ifunge ndani ya mfuko usiopitisha hewa na uiweke kwenye friza siku kadhaa, itoe ipate joto siku moja, uirudishe tena. Baridi ya kwanza inaua funza. Joto linaangua mayai yaliyobaki. Baridi ya pili inamaliza. Shingo yangu ya kwanza sikuifanyia hivyo. Nilikuta unga chini ya mfuko na manyoya yamekatwa kwenye mizizi kama kwa mkasi.

Na tafadhali, usinunue manyoya ya ndege wa porini, hata ukiletewa mlangoni. Sheria ya wanyamapori haichezewi, na mnunuzi makini atakuuliza yametoka kwa ndege gani. Kuku, bata, bata mzinga na kanga wa kufugwa wanatosha kwa kazi yote hii.

Ndoano pia ilichangia kuzama. Hizi za madukani Kigoma ni za waya mnene, zimetengenezwa kubeba samaki wa ziwa. Kwa nzi wa kuelea lazima uagize za waya mwembamba. Nilikuwa nazo, lakini zilipopungua nilichanganya 20 za dukani kwa matumaini kwamba hazitajulikana. Zilijulikana.

Sasa kufunga kwenyewe. Nitaeleza nzi mmoja tu wa kuelea, yule wa kijivu aliyebuniwa Michigan, Marekani, mwaka 1922, anayeitwa Adams, kwa sababu ndiye aliyeagizwa, na ukimweza huyo wengine wengi wanakuja.

Kaza ndoano kwenye jiliwa, kile kibanio cha mezani, ikishikwa kwenye mkunjo, shina likiwa mlalo. Kabla ya hapo bana kwa koleo ule mwiba mdogo unaorudi nyuma karibu na ncha, ulale. Trauti wengi hurudishwa majini, na ndoano isiyo na mwiba inatoka bila kumchana. Faida ya pili: ndoano mbovu inakatika hapo hapo mezani, kabla hujaipotezea nusu saa. Weka karatasi nyeupe nyuma ya jiliwa, utaona kila unywele.

Uzi wa cherehani wa kawaida ni mnene mno. Mizunguko sita tayari umepata nundu. Tafuta uzi mwembamba wa poliesta usio na vumbi. Mimi huupitisha mara moja, mara moja tu, kwenye kipande cha nta ya nyuki ninayoletewa kutoka Tabora. Nta inaufanya ushike bila kuteleza na kusaidia sufi kukamata. Ukipitisha mara tatu uzi unanata, unaokota kila uchafu, na varnishi ya mwisho haishiki juu yake. Hilo la varnishi ni nusu ya habari ya vichwa vilivyofumuka.

Anza uzi nyuma ya tundu, si kwenye tundu. Acha nafasi tupu ya shina yenye urefu wa tundu mara mbili. Nilisoma ushauri huu mara nyingi na kuuona mdogo. Kila kitu unachofunga baadaye kinasogea mbele kidogo, na usipoacha nafasi mwanzoni, kichwa kinakuja kukaa juu ya tundu lenyewe. Hapo ndipo mshipi unapokataa kupita. Niliwahi kuweka alama ya kalamu ya wino kwenye shina kama mpaka, na kwa nzi 50 hivi nilikataa kuuvuka hata kwa mzunguko mmoja. Ndicho kilichonitibu, na mwanafunzi yeyote nitamwanzishia hapo.

Zungusha uzi kurudi nyuma, kila mzunguko ukigusana na mwenzake, hadi juu ya ule mwiba uliobanwa. Hapo funga mkia: nywele 6 hadi 8 ngumu za jogoo, urefu sawa na shina. Nywele laini mkiani zinazamisha nyuma ya nzi.

Mwili ni sufi ya kijivu ya sungura. Chomoa kidogo sana, iache ionekane haitoshi, uisokote kwenye uzi kwa vidole kuelekea upande mmoja tu. Ukisokota mbele na nyuma inafunguka. Niliwahi kukata nzi wangu mmoja kati ya waliorudi na kuitandaza sufi yake mezani: ilitosha nzi watatu. Mwili mnene wa sufi ni sponji. Unataka umbo la karoti, jembamba nyuma, nene kidogo mbele, likiishia zaidi kidogo ya nusu ya shina.

Asili ya Adams ina mabawa mawili ya ncha za manyoya yaliyosimama. Kwa anayeanza nashauri ayaache. Nzi atafanya kazi bila hayo, na mabawa yaliyopinda yanamfanya azunguke hewani na kusokota mshipi.

Kisha manyoya mawili, moja la kahawia, moja lenye mistari ya kijivu na nyeupe. Yaondoe malaika ya chini hadi uti ubaki mtupu kama milimita 5. Yafunge pamoja kwa uti, upande unaong'aa ukitazama mbele, na uache kipande kidogo cha uti mtupu kabla ya nywele kuanza. Nywele zikianzia kwenye fundo zinalala ovyo mzunguko wa kwanza. Lizungushe la kwanza mara tatu kwa kibanio, lifunge, kisha la pili mara tatu ukilipitisha katikati ya lile la kwanza huku ukilitikisa kidogo ili lisizikandamize nywele za mwenzake.

Vidole viwe vikavu na safi. Hapa Kigoma mlo hauendi bila mawese, na vidole vyenye mafuta vinazigandisha nywele zikashikana mbili mbili. Osha kwa sabuni kabla ya kukaa mezani.

Kuna jambo la uzi ambalo hakuna picha iliyonionyesha. Kila unapouzungusha kwenye ndoano, uzi unajisokota zaidi. Baada ya mizunguko 40 umekuwa kamba ya duara, unapanda juu ya wenzake na kukatika ukivutwa. Uache kishika uzi kining'inie, ukizungushe kinyume kama mara kumi, uzi utatandazika kama utepe. Uzi uliotandazika unajenga kichwa kidogo na laini. Nilikuwa nakata uzi mara moja katika kila nzi watatu, nikilaumu uzi. Tangu nianze kuufungua msokoto sikumbuki ulikatika lini.

Kichwa nilikuwa nikikimaliza kwa vifundo viwili vya kawaida na tone kubwa la rangi ya kucha isiyo na rangi. Fundo la kawaida likikaa juu ya nundu yenye mteremko linateleza mbele, na rangi juu ya nta nyingi inabanduka ikiloa. Fundo linalodumu ni lile linalojizika. Fanya kitanzi kwa uzi, laza mkia wake sambamba na shina, uzungushe upande wa kitanzi juu ya mkia huo mara nne au tano ukielekea tundu, kila mzunguko kando ya mwenzake, halafu vuta polepole hadi kitanzi kimezwe. Hakuna fundo la kufunguka, kwa kuwa uzi umelala chini ya uzi. Fanya mara mbili. Kisha rangi ya kucha, kwa ncha ya sindano, kiasi cha kichwa cha pini. Pitisha hapo hapo kijiti cha nyoya kwenye tundu kulisafisha kabla haijakauka. Gundi ya papo kwa papo nimeiacha kabisa: inakimbia kwenye nywele, inazifanya ngumu kama waya na kuacha ukungu mweupe.

Mjaribu kila nzi wa kwanza wa dazeni. Mdondoshe kwenye bilauri ya maji kutoka urefu wa shubiri mbili. Anapaswa kutua wima na kukaa juu ya nywele na mkia. Mshike kichwa kwa kucha uzungushe kidogo. Kikizunguka peke yake, fumua uanze upya. Nzi 94 wangu niliwajaribu kwenye bilauri siku niliyowapokea. Walioelea kwa dakika moja walikuwa 31.

Nilikaa na wale waliozama siku kadhaa, na ndipo nilipogeuza njia. Nilikuwa nimeanza na picha, kisha nikalazimisha manyoya yangu yaifuate. Manyoya niliyokuwa nayo kwa wingi, ya tetea na ya kanga, yalikuwa yananiambia jambo jingine: ni laini, yanakunywa maji, yanacheza. Hiyo ni kasoro kwa nzi wa kuelea, na ndiyo sifa yenyewe ya nzi wa kuzama. Trauti anakula sehemu kubwa ya chakula chake chini ya maji, hivyo nzi hao wanatakiwa muda wote wa msimu.

Mmoja wao ni rahisi kiasi cha kunifanya nisikitike kwa zile wiki tano. Ndoano namba 12, hapa waya mnene kidogo unasaidia. Mwili wa uzi mtupu, wa rangi ya kahawia au ya chungwa iliyofifia. Mbele yake kifundo kidogo cha sufi ya sungura ili nywele zisilale kabisa. Kisha nyoya moja la kanga lenye madoa, lililofungwa kwa ncha, mizunguko miwili, si zaidi. Mizunguko mitatu ni mingi. Nzi anakuwa ufagio. Kichwa, fundo la kujizika, tone la rangi. Majini yale madoa yanafunguka na kufunga kama miguu ya mdudu anayejaribu kupanda juu. Kuna maandishi ya Kirumi ya karne ya 3 hivi yanayoeleza wavuvi wa Makedonia waliofunga sufi nyekundu na manyoya mawili ya jogoo yenye rangi ya nta. Ndoano, sufi, manyoya: hawakutumia zaidi ya hapo. Nayawazia maneno yale kila ninaposhika nta yangu.

Nilimwandikia yule kijana nikamweleza bila kuficha: wa kuelea wa namba 14 naweza kukupa dazeni mbili kwa sasa, kwa sababu nina manyoya ya dazeni mbili. Wa kuzama wa kanga nitakupa dazeni sita. Akakubali. Bei ya wa kuzama ni ndogo zaidi, lakini mmoja ananichukua dakika 7, na wa kuelea ananichukua 25, kwa hiyo kwa saa moja ya kazi wa kuzama ndiye anayelipa.

Mzigo wa pili niliufungasha tofauti. Mwanzoni nilitumia kopo la plastiki lililobana sana, rangi ya kucha ikiwa haijakauka vizuri, na unyevu wa masika ukabaki ndani. Ndoano kadhaa zilishaanza kutu njiani. Sasa nawaacha nzi usiku mzima kwenye kipande cha sponji, kisha nawapanga kwenye boksi la karatasi ngumu lenye sponji chini, kila mmoja akisimama peke yake ili nywele zisikandamizwe. Dazeni moja kwa mstari, namba ya ndoano imeandikwa ubavuni. Waliokandamizwa hunyooka ukiwapitisha kwenye mvuke wa birika kwa sekunde chache ukiwashika kwa kibanio.

Ujumbe uliorudi safari hii ulikuwa wa simu. Ameomba wa kanga dazeni nane, nusu namba 12 na nusu namba 10, wote mwiba ukiwa umebanwa. Ndoano nimeshaagiza. Kanga wa jirani wananyonyoka manyoya wenyewe wakati huu, na mtoto wake ananiokotea kila asubuhi kabla hawajayakanyaga.